Kupasuka, Kubonyea na Kulipuka: Maelezo ya Majaribio ya Kwanza ya Roketi Kubwa ya Kutumika Tena

1. Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba chombo cha kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, na kwa heshima ya siku ile chombo hicho kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Chombo kilifika kilikotumwa. Roketi yenyewe haikurudi. Scout ilikuwa na sehemu nne zilizopandana, na kila sehemu ilipomaliza fueli yake iliachwa ipotee. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya roketi za zama zile: kazi ya miezi mingi ya mafundi ilitumika kwa dakika chache tu.

Wazo la roketi irudiyo na kutumika tena lilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1981 Wamarekani walirusha chombo kilichorudi mfano wa ndege, ingawa tangi lake kubwa la nje lilitupwa kila safari. Mwaka 1993 chombo kidogo kiitwacho DC-X kiliruka New Mexico na kutua wima kwa miguu yake. Mnamo Desemba 2015 kampuni ya SpaceX ilirudisha salama sehemu ya chini ya roketi yake Falcon 9, baada ya sehemu ya juu kuendelea na safari. Lililobaki ni kujenga roketi kubwa ambayo sehemu zake zote mbili zitarudi. Hiyo ndiyo kazi iliyoanzwa na kampuni hiyo hiyo huko Boca Chica, kwenye pwani ya kusini ya jimbo la Texas, na roketi yenyewe ikaitwa Starship.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyombo vya kwanza vya majaribio vya roketi hiyo vilivyojengwa na kupimwa kati ya mwaka 2019 na 2021. Pamoja na hayo, yanakusudia kuonyesha jambo linalowahusu wanaoshughulika na lugha. Habari za majaribio hayo zinapotolewa kwa Kiswahili, kitenzi ambacho huja upesi mno ni kimoja: kulipuka. Kumbe vyombo hivyo viliharibika kwa namna mbalimbali, na Kiswahili kina kitenzi mahsusi kwa kila namna. Anayevichanganya vitenzi hivyo huchanganya na sababu zake.

2. Suala la Jina

Kabla ya kuendelea yafaa kuuliza vyombo hivyo viitweje. Neno mfano halitoshi, maana mfano huiga kitu kilichopo. Mtoto hutengeneza mfano wa gari kwa sababu gari lipo. Kielelezo nacho huwekwa mbele ya watu wakitazame. Kigezo ni kipimo ambacho kwacho vitu vingine hukatwa. Roketi iliyokusudiwa haikuwapo bado, kwa hiyo hapakuwa na cha kuigwa wala cha kupimiwa. Zaidi ya hayo, chombo kilichowekwa mbele ya watu kama kielelezo, yaani Mk1, kilichoonyeshwa kwa fahari tarehe 28 Septemba 2019, hakikumaliza miezi miwili kabla ya kupasuka. Basi makala haya yanatumia jina la wazi zaidi: chombo cha jaribio.

Kazi hiyo yaweza kulinganishwa na ya fundi wa jahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu. Fundi huyo hujenga ufukoni, hutegemea jicho na mkono wake kuliko michoro, na kasoro aliyoiona katika jahazi la kwanza huirekebisha katika la pili. Hata hivyo iko tofauti moja kubwa. Jahazi lake la kwanza lazima libebe watu. Chombo cha jaribio hakibebi mtu, na kwa sababu hiyo chaweza kusukumwa hadi kikomo cha nguvu zake, na hata kupitishwa kikomo hicho kwa makusudi.

3. Ujenzi

Hapo awali ilikusudiwa kwamba roketi hii ijengwe kwa nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na imara. Mwishoni mwa mwaka 2018 uamuzi huo ulibadilishwa, na badala yake ikachaguliwa chuma isiyoshika kutu. Watu wengi walistaajabu, kwa kuwa chuma ni nzito. Lakini ziko sababu tatu. Kwanza, bei ya chuma ni ndogo sana ikilinganishwa na ya nyuzi za kaboni. Pili, chuma ya aina hiyo huzidi kuwa imara inapopata baridi kali, na fueli ya roketi hii ni ya baridi kali: oksijeni ya kioevu huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, na methani kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri. Tatu, chuma huvumilia joto jingi chombo kinaporudi katika hewa ya dunia. Juu ya hayo yote, chuma yaweza kulehemiwa nje, chini ya hema, ikikosewa ikakatwa na kulehemiwa upya. Kwa kazi ya kujaribu na kuharibu, faida hiyo ya mwisho haikuwa ndogo.

Chombo cha kwanza, kilichoitwa Starhopper, kilikuwa pipa nene la chuma lenye upana wa mita 9, likisimama juu ya miguu mitatu. Mnamo Januari 2019 upepo mkali uliangusha kichwa chake, na kwa kuwa kichwa hicho hakikuwa na kazi katika jaribio, chombo kiliruka bila kichwa. Tarehe 25 Julai 2019 kilipanda kiasi cha mita 20, na tarehe 27 Agosti kilipanda mita 150, kikasogea kando na kutua. Kiliendeshwa na injini moja tu. Hapo ilithibitika kwamba injini mpya ya methani yaweza kuinua chombo na kukishusha polepole.

Vyombo vilivyofuata vilijengwa kwa pete za bati la chuma zilizopandanishwa na kulehemiwa, na kila tangi likafunikwa kwa kuba. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

4. Kupasuka

Tangi la roketi halina budi kuwa jembamba, la sivyo uzito wake utaishinda injini. Ukuta huo mwembamba hupata uimara wake kutokana na kanieneo ya ndani, yaani nguvu ya hewa au kioevu inayosukuma ukuta kila upande. Kanieneo ikizidi nguvu ya ukuta au ya mshono, tangi hupasuka.

Ndivyo ilivyotokea kwa Mk1 tarehe 20 Novemba 2019: kilipokuwa kikijazwa na kupimwa, kuba lake la juu lilifumuka na kurushwa hewani. Hapakuwa na moto. Mwezi Januari 2020 yalijengwa matangi madogo ya kupimia mishono peke yake. Kanieneo iliyohitajiwa kwa safari ilikuwa bari 6, yaani karibu mara sita ya ile ya hewa ya kawaida ufukoni. Lakini kwa ajili ya usalama wa watakaosafiri ilitakiwa tangi livumilie kiasi cha bari 8.5. Tangi la kwanza lilipasuka kwenye bari 7.1. La pili, katika mwezi huo huo, lilifika 8.5. Hata hivyo chombo kizima cha SN1 kilipasuka tarehe 28 Februari 2020, na kasoro ikaonekana chini kabisa, kwenye mishono ya sehemu inayopokea msukumo wa injini. Majaribio haya yalifanywa kwa naitrojeni ya kioevu, ambayo ni baridi kuliko fueli yenyewe lakini haishiki moto.

5. Kubonyea

Tarehe 3 Aprili 2020 ilikuja zamu ya SN3. Chombo hiki hakikupasuka. Tangi lake la juu lilikuwa limejazwa naitrojeni ya kioevu, na uzito wote huo ulitegemezwa na tangi la chini, ambalo kuta zake zilisimama kwa kanieneo ya ndani tu. Kanieneo hiyo ilipopungua, kuta zilibonyea na kukunjamana kama chupa ya plastiki inayofyonzwa, na chombo kizima kikaporomoka.

Tofauti ni kubwa. Kilichopasuka kilizidiwa na nguvu kutoka ndani. Kilichobonyea kilikosa nguvu hiyo. Katika hali ya kwanza mtu hukagua mishono. Katika hali ya pili hukagua utaratibu wa jaribio, na Elon Musk, mkuu wa kampuni, alieleza wakati ule kwamba kosa huenda lilitokana na namna jaribio lilivyopangwa. Mishono ya SN3 haikuwa na hatia. Anayeandika kwamba SN3 kililipuka huwasingizia walehemu.

6. Kulipuka

Kulipuka kwenyewe kulikuja na SN4. Chombo hiki kilifaulu mtihani wa kanieneo, na injini yake ikawashwa mara kadhaa kikiwa kimefungwa chini. Tarehe 29 Mei 2020, baada ya injini kuzimwa, methani ilivuja katika kiungo kinachounganisha chombo na mabomba ya ardhini, ikashika moto, na chombo kikateketea kwa kishindo. Hapa sababu ilikuwa moto, na haukuanzia katika ukuta wala injini.

Baada ya hapo SN5 kiliruka mita 150 tarehe 4 Agosti 2020, na SN6 kikafanya vivyo hivyo tarehe 3 Septemba. Vyombo hivi havikuwa na kichwa wala mabawa, vikaonekana kama matangi ya maji yaliyoota injini.

7. Kugonga Ardhi

Tarehe 9 Desemba 2020, SN8, chombo cha kwanza kuruka kikiwa na kichwa na mabawa manne, kilipanda kilomita 12.5 kwa injini tatu. Kisha kilizima injini na kushuka kifudifudi, ili tumbo lake pana lizuiwe na hewa. Karibu na ardhi kilitakiwa kuwasha injini, kusimama wima na kutua. Kwa kuwa fueli huyumba ndani ya matangi makubwa wakati chombo kimelala, yaliwekwa matangi madogo ya akiba kwa ajili ya kutua. Kanieneo katika tangi dogo la methani ilikuwa ndogo mno. Injini ikakosa methani, oksijeni ikazidi, moto ukageuka kijani kwa kuwa shaba ya injini ilikuwa ikiungua, na chombo kikagonga ardhi.

Ili kuondoa kasoro hiyo, tangi dogo liliongezewa kanieneo kwa heliamu. SN9 kiligonga ardhi tarehe 2 Februari 2021 kwa sababu injini moja ilikataa kuwaka tena. SN10, tarehe 3 Machi, kilitua kimesimama, lakini kwa kishindo. Heliamu ile ile ilikuwa imeingia katika injini pamoja na methani na kuupunguza msukumo wake. Baada ya dakika nane hivi kililipuka. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ilikuwa imezaa wa pili. SN11 kilisambaratika ndani ya ukungu tarehe 30 Machi, baada ya methani kuvuja na moto kuharibu vifaa vya kuongozea injini. Hatimaye, tarehe 5 Mei 2021, SN15 kilipanda kilomita 10, kikashuka na kutua salama. Moto mdogo uliotokea chini yake ulizimika.

8. Kutendeka na Kutendwa

Sasa yafaa kurudi kwenye lugha. Pasuka na lipuka ni vitenzi vya kauli ya kutendeka. Bonyea, ingawa umbo lake ni jingine, huwa upande huo huo. Kauli hiyo hueleza hali iliyotokea, bila kudai mtenda. Ndiyo maana inafaa sana siku ya tukio, kwa kuwa siku hiyo mtenda hajulikani bado. Mtu huona chombo kimepasuka, naye husema kweli.

Lakini jaribio halijakwisha hapo. Kazi ya mhandisi ni kuitoa habari katika kutendeka na kuitia katika kutendwa: chombo kilipasuliwa na nini, kililipuliwa na nini, kilibonyezwa na nini. Siku mtenda anapojulikana, chombo kinachofuata hubadilishwa. Mtenda asipojulikana, chombo kimepotea bure, hata kama picha zake zilipendeza. Kwa kipimo hiki SN8 kilileta faida kubwa kikiwa magofu.

Kanuni hiyo hugusa pia wajibu wa watu. Tarehe 20 Aprili 2023 roketi nzima, yenye injini 33, ilirushwa kwa mara ya kwanza. Ikaharibika angani baada ya dakika nne hivi, na zege chini ya jukwaa likachimbika, vipande vikatupwa mbali. Kusema kwamba zege lilichimbika ni kweli, lakini haitoshi. Lilichimbuliwa na moto wa injini. Na bamba la chuma lenye kupozwa kwa maji, ambalo lingelilinda, halikuwa tayari, watu wakaamua kurusha bila hilo. Vivyo hivyo tarehe 16 Januari 2025 sehemu ya juu ya roketi iliharibika angani, na mabaki yake yakaanguka katika eneo la visiwa vya Turks na Caicos, ndege za abiria zikalazimika kubadili njia. Chombo cha jaribio hakibebi mtu, lakini walio chini yake ni watu.

9. Hitimisho

Majaribio ya Boca Chica yaliendelea. Tarehe 13 Oktoba 2024 sehemu ya chini ya roketi ilirudi na kudakwa hewani na mikono ya mnara ulioirusha, na mwezi Mei 2025 sehemu ya chini iliyokwisha kuruka ilirushwa kwa mara ya pili. Mbegu ya mafanikio hayo ilipandwa katika mishono iliyopasuka na kuta zilizobonyea za miaka ya mwanzo.

Kwa upande wa lugha, mara nyingi imedaiwa kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi za sayansi. Yako maneno yaliyobidi kukopwa hapa, kama methani na heliamu, na hakuna ubaya. Lakini kiini cha maelezo haya kimebebwa na vitenzi ambavyo kila mpishi na kila fundi wa bati anavijua, pamoja na kauli ambazo mwanafunzi wa shule hufundishwa. Kinachohitajiwa ni uangalifu wa kukitumia kila kitenzi mahali pake, na subira ya kutoridhika na kupasuka mpaka ijulikane kilichopasua.