Ng'ombe Wako Ndiye Analisha Shamba

Mkulima, kila asubuhi unapotoka bomani na ndoo ya maziwa, je, hutazama nyuma ukaona umeacha nini? Wengi huhesabu maziwa tu. Lakini ng'ombe mmoja mkubwa wa gredi huangusha zaidi ya kilo 20 za mavi kila siku, na hiyo nayo ni mali yako.

Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wakulima wengi wa Nyandarua walipata shamba kwa mkopo, na ng'ombe wa gredi pia kwa mkopo. Maziwa yalisaidia kulipa deni. Deni la mkopo huweza kwisha, lakini liko deni lingine lisilokwisha, nalo ni deni la udongo. Kila gunia la viazi au la mahindi likitoka shambani limechukua chakula cha udongo. Bandu bandu huisha gogo. Usiporudisha kitu, mtoto wako atarithi shamba lililochoka.

Basi fanya hivi. Kwanza, mtandikie ng'ombe majani makavu au mabua ya mahindi yanywe mkojo, kwa kuwa mkojo una naitrojeni nyingi, nao ukimwagika mferejini umeupoteza. Pili, lundika samadi pamoja na matandiko mahali penye kivuli, uifunike ili jua na mvua visiiharibu, na uigeuze kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa imeoza vizuri: haina joto, nayo inanuka kama udongo wa msituni. Tatu, itie katika mashimo ya kupandia. Usiyasahau majani ya nepia, kwa maana kila unapoyakata yanataka kulishwa. Penye baridi kali, kama Kinangop, panda oti za kulisha ng'ombe.

Samadi ya ng'ombe mmoja haitoshi shamba zima. Anza na kipande kimoja msimu huu, na kingine msimu ujao. Jirani asiye na ng'ombe na akuletee mabua, nawe umpe samadi. Hivyo mtafaidika wote wawili.

Tena kumbuka kwamba kupe hajui mpaka. Mmoja akiacha kuwaosha ng'ombe wake kwa dawa, ndigana kali huweza kuingia kwa jirani yake. Patana na wenzako mwoshe kwa siku moja, na mpate shauri la afisa wa mifugo.

Ada ya shule ikifika, usikimbilie kumwuza ng'ombe anayekamwa. Ukiwa na dume, mwuze huyo kwanza. Ukimwuza yule wa maziwa, umeuza maziwa ya kesho na mavuno ya mwaka ujao pamoja.

Jioni hii, kabla hujafunga boma, tazama lundo lako la samadi. Kama huna, anza kesho asubuhi.