Mchanga Ndio Unaoamsha Vumbi
Msomaji wa Marsabit anauliza: upepo wa jangwa la Chalbi haukatiki, mbona siku moja vumbi limetulia na siku ya pili mbingu imekuwa ya kahawia? Jibu liko chini, kwenye mchanga.

Vumbi laini, lile linalofika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, upepo peke yake hauliwezi. Chembe zake zimeng'ang'aniana mno. Kinachotangulia kusogea ni mchanga, chembe za kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chembe inaruka, inasukumwa mbele, inashuka kwa kasi na kugonga ardhi. Vumbi linafumuka, na chembe nyingine zinarushwa zikagonge mbele zaidi. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka majangwa ya Misri na Libya, aliupima mruko huo kwenye bomba la upepo na kuuandikia kitabu mwaka 1941.

Fikiria godoro la sufi lililoanikwa juani. Lipulize mpaka uishiwe pumzi, vumbi halitoki. Lichape fimbo moja tu: wingu! Mkono ni upepo, fimbo ni mchanga. Mkono mlegevu hauchapi kitu, na mkono wenye nguvu usio na fimbo haufui dafu. Godoro likivikwa kitambaa kizito, fimbo inadunda. Kitambaa hicho ndicho ganda gumu linalofanyika juu ya ardhi ya ziwa lililokauka. Magurudumu na kwato hulipasua.

Bodélé, kaskazini mwa Chad, fimbo na godoro ni kitu kimoja. Upepo unabanwa kati ya Tibesti na Ennedi, kisha unafagia sakafu ya ziwa la kale iliyojaa magamba ya diatomu, vijimea vya majini. Vipande vya magamba vinaruka, vinagongana na kujisaga vyenyewe kuwa vumbi.

Watu wanalipa. Kuanzia Senegal hadi Ethiopia, homa ya uti wa mgongo hupamba moto kiangazi na kuzimika mvua zikianza. Inadhaniwa hewa kavu yenye vumbi hukwaruza utando wa koo, bakteria wakapata upenyo.

Tangu Julai 2022, EMIT, kifaa cha NASA kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinasoma madini ya ardhi kame, maana vumbi jekundu lenye chuma hufyonza joto la jua. Kwa Chalbi, mimi ningeanza na madereva: wote wafuate njia moja iliyokwisha kupasuka, ganda la pembeni waliache zima.