Askari Alipogeuka Mganga

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo kijana ambaye kila baada ya chakula cha jioni hujifungia chumbani, akavaa visikilizio masikioni na kuanza kuzungumza na watu usiowaona, usifanye haraka kuita wazee. Yaelekea yumo vitani. Na iwapo usiku mmoja atatoka humo amenuna kama mtu aliyefiwa, usidhani ameachwa na mchumba. Huenda amebadili kazi tu.

Haya yametufika nyumbani kwangu Arusha. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Sale wilayani Ngorongoro, anakaa nasi akisomea mambo ya kompyuta. Mchana yuko chuoni. Usiku, akimaliza masomo yake, huwa askari katika mchezo uitwao World of Warcraft. Kwa miaka miwili alibeba ngao na upanga, akawa mtu wa kutangulia mbele ya wenzake. Kisha mganga wa kikosi chao akapata kazi ya zamu za usiku, akaaga. Wenzake wakamwomba yeye ashike nafasi hiyo. Akakubali kwa fahari. Usiku wa kwanza wote watano walikufa mara sita mahali pamoja, na mpwa wangu akaniambia, huku macho yakiwa mekundu, “Mjomba, naacha. Nimewaaibisha watu.”

Nilicheka kwanza. Halafu niliona kwamba hakuwa anatania, nikavuta kiti.

Kwa wale ambao mambo haya ni mageni, nieleze kidogo. Michezo ya namna hii ina asili ya mezani, kwa karatasi na dadu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji alijichagulia mtu wa kumwigiza: mpiganaji, mchawi au kasisi. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, wakaanza kuutia ulimwengu wa aina hiyo ndani ya kompyuta, ili watu wengi waweze kuwamo kwa wakati mmoja. World of Warcraft ilitoka mwaka 2004 ikiwa na fani tisa za kuchagua. Nasema “fani” kwa makusudi. Neno la Kiingereza lingeweza kufasiriwa “tabaka”, lakini msomaji wa gazeti hili akisikia tabaka atangojea mapambano ya aina nyingine.

Tangu hapo fani mpya zimeongezwa nne tu: mwaka 2008, 2012, 2016 na 2022. Kwa hiyo inapotokea mpya, wachezaji huipokea kama kijiji kinavyompokea bibi arusi. Kila mtu anataka kumwona. Hiyo ya mwaka 2022 huitwa Evoker. Ni kiumbe nusu mtu nusu joka, mwenye mbawa, na kazi zake za mwanzo zilikuwa mbili: kuunguza maadui au kuponya marafiki. Hii ndiyo fani aliyoichukua mpwa wangu.

Sasa tazama kikosi chenyewe. Wanaoingia katika pango la kawaida ni watu watano. Mmoja ni mlinzi, ambaye kazi yake ni kuyavuta majitu yampige yeye. Watatu ni washambuliaji. Wa tano ni mganga. Mlinzi hutazama mbele. Washambuliaji humtazama adui. Mganga, kinyume chao wote, huwatazama wenzake: mbele yake kwenye kioo zipo kanda tano za uhai, yake na za wenzake wanne, na kila kipigo kinapoingia ukanda mmoja hupungua. Akichelewa, mtu anakufa. Akiharakisha, anaimwaga dawa kwa mtu mzima, na ile ya kumpa mgonjwa inakosekana.

Nilipokaa nyuma ya mpwa wangu usiku wa pili niliona kosa lake kabla hajalitambua mwenyewe. Kila mlango ulipofunguka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia. Miguu ilikuwa bado ya askari! Kiumbe wake mpya hana ngozi ya kuhimili mapigo. Jitu lilimgonga mara mbili, akalala, na kikosi kisicho na mganga kikafuata. Si kwamba hakujua vitufe. Alivijua vyote, alivikariri kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Kilichomponza ni ile miaka miwili ya ustadi wake.

Hapo nikamkumbusha mtu wa upande wao wa kreta, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Vijana wa leo hulitaja jina hilo bila kujua lilivyotikisa dunia. Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Namna aliyoshinda ndiyo iliyowashangaza watu: hakungojea. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola akabaki huko hadi mwisho, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza bure. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaica, akavunja na rekodi ya maili. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki za Montreal, kwa sababu ya New Zealand kupeleka timu yake ya raga kucheza na Afrika Kusini ya makaburu.

Ilipofika Moscow mwaka 1980, Bayi hakuingia katika mita 1500 iliyompa jina. Aliingia mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alizowahi kuzijaribu Munich mwaka 1972 bila kufika fainali. Msomaji, hizo si mbio zile zile zilizorefushwa. Kuna viunzi 28 vya kuruka, na mara 7 unaangukia majini. Mguu unaovunja mwendo wake kila baada ya hatua chache ni mguu mwingine kabisa. Na Bayi alifanya nini? Alifanya lile alilolizoea: alikwenda mbele peke yake. Aliwaacha wenzake mbali, hata waliokuwa wakifuatilia wakadhani dhahabu imekuja nyumbani. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Malinowski alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.7, Bayi dakika 8 na sekunde 12.5. Fedha yake, pamoja na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, zilikuwa medali za kwanza za Olimpiki kwa taifa letu.

Sitaki kumsahihisha bingwa, nami nikipanda ngazi tatu ninahema. Lakini tabia ya kazi ya zamani humfuata mtu hadi kazi mpya, na hapo inaweza kumpa medali na kumnyima nyingine kwa wakati ule ule. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwa hiyo nijifunze kukaa nyuma.” Nikamwambia sijui, mimi si mchezaji, na bahati njema sikujua, kwa maana jibu hilo lingekuwa baya. Waganga wa fani nyingine wanaweza kusimama mbali sana. Evoker hawezi. Dawa zake hazifiki mbali kama zao, na mojawapo ni pumzi inayotoka kinywani kama kipepeo cha moto, ambayo huwaponya wale tu walio mbele ya uso wake. Lazima awe karibu, lakini si wa kwanza. Awageukie wenzake, lakini asilipe jitu kisogo kwa muda mrefu. Mahali pa namna hiyo hapaelezeki kwa maneno. Hupatikana kwa miguu.

Tena zipo dawa ambazo hazitoki kwa kugusa kitufe. Unakishikilia, nguvu inapanda ngazi kwa ngazi, kisha unaachia. Ukiachia mapema dawa ni hafifu. Ukingoja ijae, huenda mgonjwa amekwisha kufa. Jambo hili ndilo lililomtesa kuliko yote, na ndilo, kwa maajabu, alilolielewa kwa lugha ya kwao.

Vijiji vya Wabatemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo, hulima kwa maji ya mifereji itokayo kwenye chemchemi na vijito. Digodigo, Samunge na vingine (jina la Samunge wengi wetu tulilisikia mwaka 2011, barabara yake ilipojaa magari ya watu waliokifuata kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile) vimeishi kwa maji hayo vizazi na vizazi. Zamu husimamiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Mtoto wa huko hujua tangu udogoni kwamba maji huja kwa saa yake na huondoka kwa saa yake, na kwamba ukifungua mfereji kabla ya kuandaa shamba umeyamwaga njiani. Basi nilimsikia akijisemea mbele ya kioo, “Ngoja... ngoja... fungua.” Ukanda uliokuwa umebaki kidole kimoja ukajaa. Akageuka kunitazama kama mtu aliyeokota shilingi.

Kuna tatizo moja lisilo na uganga. Mchezo huu hauna mitambo Afrika. Anayecheza kutoka Arusha huunganishwa na mitambo ya Ulaya. Nyaya za baharini zilizofika Dar es Salaam tangu mwaka 2009 zimesaidia sana, lakini amri ya kidole bado husafiri bara zima kwenda na kurudi. Ni sehemu ndogo ya sekunde, ila mganga huihisi. Mpwa wangu amejizoeza kufungua mfereji wake mapema kidogo kuliko Mjerumani aliye katika kikosi kile kile.

Na wewe uliye na kijana anayeanza fani mpya, au wewe mwenyewe unayeanza, maana nimewaona watu wazima wakificha, pokea haya machache. Usianze na watu. Tangu mwaka 2024 mchezo huu una mapango ambayo wenzako wanne ni wa kompyuta. Hao hawatukani, hawachoki, na wakifa hawana mama wa kuwalilia. Kaa nao siku kadhaa. Vitufe navyo usivipange vyote siku moja. Anza na vitatu au vinne, ongeza kingine pale unapoona pengo. Ukiingia na watu, sema mapema kwamba ndiyo unaanza. Watakaokuondoa kwa sababu hiyo wamekuepusha na jioni mbaya.

Fedha ni suala jingine. Mchezo huu hulipiwa kila mwezi, na juu yake kuna bando la intaneti na umeme. Mjue pamoja ni kiasi gani na kinatoka wapi. Mtu asiyemjua akimwahidi kijana wako dhahabu ya mchezoni kwa fedha taslimu, akatae: ni kinyume cha sheria za mchezo, na anaweza kufungiwa akapoteza kila kitu.

Lililoleta ugomvi nyumbani kwetu halikuwa fedha, bali saa ya kula. Askari mmoja kati ya washambuliaji watatu akiitwa mezani, kikosi huchechemea tu. Mganga akiitwa, wanne wanakufa. Hakuna kitufe cha kuusimamisha mchezo huu, maana si wake peke yake. Mama watoto hakuamini hadi alipokaa akatazama pango moja tangu mwanzo hadi mwisho, ikawa nusu saa hivi. Alipoinuka akatoa hukumu: haingiliki pangoni kabla ya vyombo kuoshwa, na likifika saa nne usiku haliingiliki jingine. Kijana akasaini, kama mkataba wa kazi.

Shemeji yangu wa Sale alipopiga simu na kuambiwa mwanawe sasa ni mganga, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ada ya chuo ilitumika huko. Nilimtuliza. Akauliza tena, “Wanapona?” Nikamjibu kwamba siku hizi wengi wanapona.

Jumamosi iliyopita yule mganga wa zamani alibadilishiwa zamu kazini, akarudi. Kikosi kikamwuliza mpwa wangu kama anataka kuchukua tena ngao yake. Alisema apewe wiki afikiri. Leo ni siku ya nane, na bado hajaishika.