Idara Isiyo na Korido: Kuwaongoza Wahudumu wa Afya Wanaofanya Kazi Mbali na Hospitali

Katika idara ya radiolojia, kazi nyingi isiyoandikwa popote hufanyika koridoni. Daktari wa wodi hupita akiuliza kama picha ya mgonjwa wake imekwisha kusomwa. Daktari aliye mafunzoni husimama nyuma ya kiti cha bingwa na kukiri kwa sauti ya chini kwamba hakielewi kivuli alichokiona kwenye pafu. Mteknolojia wa mionzi hutokeza kichwa mlangoni: mgonjwa aliye mezani anahema kwa shida, je, aendelee? Hakuna anayeyaita mambo haya mikutano, wala hayamo katika orodha ya majukumu ya mtu yeyote. Siku picha zinapoanza kusomewa nyumbani, hayo ndiyo ya kwanza kupotea.

Radiolojia ni miongoni mwa fani za tiba zilizohama mapema. Picha ya kidijitali ya eksirei au CT husafirishwa kwa mtandao na kusomwa popote penye kioo kinachofaa na intaneti ya kuaminika. UVIKO-19, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa janga la dunia Machi 11, 2020, uliongeza kasi ya mwendo huo na kuzipeleka kliniki nyingi za marudio kwenye simu. Kwa nchi ambazo mabingwa wake wamejikusanya mijini, hii ni neema, kwa kuwa hospitali ya wilaya isiyo na mtaalamu wa picha inaweza kupata majibu bila kumsafirisha mgonjwa. Ila neema hiyo inahitaji kiongozi anayejua kilichokuwa kikifanyika koridoni, na kukijengea mahali pengine.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari iliyopo. Kijana aliyeanguka na pikipiki anapigwa picha ya kifua saa nne usiku. Bingwa aliye nyumbani anaona hewa iliyoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu limesinyaa. Anaandika ripoti sahihi, anaiingiza kwenye mfumo, anazima kompyuta. Wodini ni wakati wa kukabidhiana zamu na hakuna aliyeufungua mfumo. Ripoti haina kosa hata moja, na kijana anazidi kukosa pumzi kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba anahitaji mrija kifuani. Bingwa yuleyule, angekuwa hospitalini, angeinuka kitini na kumtafuta daktari wa zamu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mkuu wa idara ni kukubaliana na wenzake juu ya orodha fupi ya matokeo yasiyongoja: hewa kifuani kama ya kijana huyu, damu ndani ya fuvu, utumbo uliotoboka, mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kwa matokeo hayo ripoti isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka msomaji apige simu, apokelewe na mtu anayemhudumia mgonjwa, mpokeaji arudie alichokisikia, kisha jina lake na saa viandikwe. Simu hiyo iwe ya wodi, inayokabidhiwa pamoja na zamu. Namba binafsi ya daktari huondoka naye anapokwenda likizo.

Viongozi wengi, wanapoacha kuwaona watu wao, huanza kuhesabu saa ambazo kila mmoja ameonekana mtandaoni, au kudai kamera ziwashwe mchana kutwa. Kipimo hicho hakimfai mgonjwa. Muda unaopita tangu picha kupigwa hadi majibu kumfikia anayetibu hueleza mengi zaidi. Vivyo hivyo idadi ya ripoti ambazo mwenzake alizisoma upya na kukubaliana nazo.

Utafiti unaotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015. Wahudumu wa simu wa kampuni ya safari ya Ctrip huko Shanghai, waliojitolea, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakafanya kazi nyumbani siku 4 kwa wiki kwa miezi 9, wengine wakabaki ofisini. Utendaji wa walio nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Wasimamizi hupenda kuishia hapo. Lakini walio nyumbani, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi. Asiyekuwepo na lake halipo. Tena washiriki waliporuhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao wa awali, na upweke ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowarudisha watu ofisini. Ni kweli kwamba kupokea simu za wasafiri si kusoma picha za wagonjwa, lakini upweke wa daktari kijana una hatari ya ziada: asiye na wa kumuuliza huandika anachodhani.

Ndiyo maana, ikiwa kiongozi ana nguvu za kufanya jambo moja tu, na liwe nusu saa ya kila siku ambapo wote, wa karibu na wa mbali, hutazama picha ngumu pamoja kwenye kioo kimoja. Bingwa aanze na picha aliyoikosea yeye mwenyewe. Baada ya hapo wanafunzi huona wepesi kusema hawajui.

Wapo pia wasioweza kuhama. Muuguzi hafungi kidonda kwa simu, na mteknolojia hawezi kumlaza mgonjwa mezani akiwa kwake. Wakiona kwamba mabingwa wamepata starehe nao wameachiwa foleni na lawama, chuki itaingia idarani. Zamu za hospitalini zimhusu kila bingwa, na gharama ya bando na umeme wa akiba ijulikane mapema ni ya nani.

Kuhusu siri ya mgonjwa, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo picha zenye jina la mgonjwa pembeni zinaweza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp pale mfumo rasmi unapokwama. Katazo bila njia mbadala iliyo rahisi halizuii chochote. Katika kliniki za simu, mhudumu athibitishe kwanza anazungumza na nani, kisha aulize: “Uko mahali unapoweza kuzungumza?” Simu moja mara nyingi hutumiwa na nyumba nzima, na anayepokea huenda asijue kwamba mwenzake yuko kwenye matibabu.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kabla ya kuondoka chumba cha picha: nani atasoma, majibu yatatoka lini, na yakiwa ya dharura nani atapigiwa. Aliye dirishani asipokuwa na jibu, swali hilo limfikie mkuu wa idara siku hiyohiyo.