Ukuta wa Nyumba na Bango la Mgombea

Kila uchaguzi ukaribiapo, kuta za Nairobi hubadilika rangi. Kutoka Mtaa wa Muindi Mbingu, katikati ya jiji, hadi Westlands, Kangemi na Kawangware, nguzo za taa, vituo vya matatu, malango ya nyumba za kupanga na hata kuta za misikiti hujaa sura za wagombea. Jamaa zetu wengi wa Pwani wanaishi katika mitaa hiyo. Basi kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027, yafaa kila familia ijue ni nani mwenye haki ya kubandika, na wapi.

Mahali pa umma pana mwenyewe. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2018 inayosimamia matangazo ya nje inamtaka mwenye tangazo apate idhini ya kaunti kabla ya kuliweka. Kandokando ya barabara kuu, kama vile Waiyaki Way, wasimamizi wa barabara nao ndio wenye kutoa ruhusa.

Ukuta wa mtu ni mali yake, na Katiba yetu yalinda mali hiyo. Qur'ani imetufunza tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tuombe idhini. Adabu hiyo haiishii mlangoni. Mara nyingi vijana wa kampeni hubisha hodi mchana, mama akiwa nyumbani na watoto. Hana lazima ya kukubali. Aweza kujibu kwa upole kwamba ukuta ni wa mwenye nyumba, na kwamba wapangaji wenziwe nao wana rai zao.

Jibu hilo si dogo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafikia watu wa Kibera na Kawangware, na Kawangware ikaona tena machafuko Oktoba 2017. Katika ploti moja huishi familia za makabila na vyama mbalimbali. Bango moja langoni huwasemea wote, nao hawakuulizwa. Siku za joto la siasa, lango lisilo na chama huwa ni stara kwa waliomo ndani.

Ukuta wa msikiti una uzito zaidi, kwa kuwa msikiti ni wakfu. Kamati imekabidhiwa amana, nayo haimiliki hata tofali moja. Kumpa mgombea ukuta huo ni kuigawanya safu ya wanaoswali. Na tuyaangalie pia yale mabango ya salamu za Ramadhani na Idi, yaliyoandikwa jina la Allah au aya juu ya picha ya mwanasiasa. Mvua ikinyesha, karatasi hizo huanguka mitaroni na kukanyagwa. Apendaye kutupongeza na atupongeze kwa maneno yasiyohitaji kuokotwa kwa hofu.

Hata hivyo, watoto wetu wasitumwe kuchana wala kuchora sura za wagombea, hasa za wanawake, ambazo aghalabu huandikwa matusi. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 zavitaka vyama na wagombea wasaidie kuzuia mabango ya wenzao yasing'olewe wala kuharibiwa. Chama kikizivunja kanuni hizo, chaweza kutozwa faini au kuzuiwa kuweka mabango. Likibandikwa kwako bila ruhusa, lipige picha, mwarifu mwenye nyumba, kisha waombwe wenyewe waje waliondoe. Wakikataa, kuna chifu, kuna ofisi ya kaunti, na kuna Tume ya Uchaguzi.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Baada ya kura kuhesabiwa, mabango yaliyochakaa nayo ni udhia. Mgombea tumuulize mapema: nani atakayeyaondoa? Mwenyezi Mungu atujaalie uchaguzi wa amani, na majirani tubaki majirani. Amin.