Je, Wajua? Joka la mezani hupakwa rangi kabla halijaungwa
Katika michezo ya vita ya mezani kama Warhammer, iliyoanza Uingereza mwaka 1983, joka kubwa la plastiki mara nyingi hupakwa rangi likiwa bado vipande. Mabawa na mpanda joka huwekwa kando, maana yakishagundishwa brashi haifiki kwapani.

Magamba ndiyo raha yenyewe! Rangi nyepesi iliyozimuliwa hutiririka kwenye mifereji na kuacha kivuli. Ikikauka, brashi iliyofutwa hadi ibaki na rangi kidogo sana hupitishwa juujuu, na kingo za kila gamba hujitokeza.

Mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop, inayotengeneza Warhammer, ilianzisha mashindano ya upakaji huo, Golden Demon. Bingwa wa jumla hukabidhiwa upanga.