Leza nasibu: nasibu ya nini?

Mtafsiri anayekutana na istilahi hii kwa mara ya kwanza hushawishika kuandika "leza ya bahati nasibu". Asifanye hivyo. Bahati nasibu ni mchezo wa tiketi na zawadi. Kielelezo kinachofaa ni "sampuli nasibu" ya wanatakwimu, ambamo nasibu hutaja kukosekana kwa mpangilio. Katika leza, kisicho na mpangilio ni njia ya mwanga.

Asubuhi ya ukungu pale Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, taa za basi liendalo Njombe hazifiki mbali. Mwanga hugonga tone hili, ukageuzwa kuelekea lile, hata ukungu wote ukawa mweupe. Leza ya kawaida ina vioo viwili vinavyotazamana, na mwanga huenda na kurudi kati yake ukizidi nguvu. Leza nasibu haihitaji vioo hivyo: mwanga hutangatanga kati ya chembe zilizokaa ovyo, nazo chembe, zikiisha kupewa nishati, huukuza unapopita. (Matone ya ukungu hutawanya tu, hayakuzi; Makete haina leza ya bure.)

Mnamo 1999 kundi la Hui Cao nchini Marekani lilionyesha jambo hili katika unga wa oksidi ya zinki, kitu kilekile cheupe kilichomo katika baadhi ya losheni za kukinga jua. Mwanga wake ulikuwa wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 380 na kitu. Hapa kiambishi "-mno" kisomwe kuwa "kupita", si "sana": mwanga huo umeupita urujuani, wala si urujuani uliokolea.

Hata hivyo, unga ule ulichochewa kwa leza nyingine. Kuuchochea kwa umeme ni kugumu, kwa sababu oksidi ya zinki ni nusukipitishi chenye elektroni tele, lakini kukipa matundu, yaani nafasi zenye chaji chanya ambamo elektroni hutumbukia na kutoa mwanga, kumewasumbua watafiti miaka mingi. Mwaka 2007 watafiti wa Zhejiang, China, walitandaza utando wa oksidi hiyo juu ya silikoni, wakaweka tabaka jembamba la kihami kati yake na dhahabu, kisha wakapitisha umeme. Utando ukatoa leza.

Kwa hiyo "leza nasibu ya umeme" haitoshi, maana hata leza ya kwanza ya maabara huchomekwa ukutani. Andika "leza nasibu inayochochewa kwa umeme", ili msomaji ajue kwamba umeme unaingia katika nusukipitishi chenyewe.